Mwenye Ufunguo

Mlango wa kanisa letu ulikuwa na siri yake. Ukiingiza ufunguo na kuuzungusha tu kama mtu wa kawaida, haukufunguka ng'o. Ilibidi kwanza uushike mpini kwa mkono wa kushoto, uunyanyue mlango mzima juu kidogo, uuegemeze goti, kisha uzungushe ufunguo robo kwenda mbele, nusu kurudi nyuma, halafu mbele tena. Ukipatia, unasikia mlio mmoja mzito ndani ya kitasa. Ukikosea, unaanza upya, na ikiwa watu wamesimama nyuma yako wanakuangalia, jasho linakutoka hata kama ni alfajiri ya baridi.

Nilifundishwa siri hiyo na mzee mmoja ambaye alikuwa amekaa na ufunguo ule tangu mimi sijajua kusoma. Cheo hakuwa nacho. Hakuwa mzee wa kanisa kwa maana ya kuchaguliwa, alikuwa mzee kwa umri tu. Ufunguo aliufunga kwa kipande cha kitambaa ambacho zamani kilikuwa chekundu. Miguu ilipoanza kumkatalia, aliniita baada ya ibada, akanishika mkono, akauweka ufunguo kiganjani mwangu, akasema, "Mwanangu, Jumamosi hii njoo nikuonyeshe. Usiusukume. Uunyanyue."

Nakiri kwamba sikufurahi. Nilikuwa nimejitolea kwa kwaya. Nilikuwa nimemwambia mchungaji wazi kabisa kwamba najisikia kuitwa kuimba, na nilikuwa na sauti, au nilidhani ninayo. Badala yake nikapewa mlango. Anayetamani kusimama mbele ya watu akikabidhiwa kazi inayofanyika kabla watu hawajafika, ndani mwake kitu kinanuna hata kama mdomo unasema amina.

Jumamosi ile nilidhani tutamaliza kwa dakika kumi. Tulikaa saa tatu. Mlango ulikuwa somo la kwanza tu. Akanionyesha dirisha la upande wa madhabahu ambalo lisipofunguliwa mapema, hewa huwa nzito na watu husinzia wakati wa mahubiri, "halafu wanamsingizia mchungaji." Akanionyesha benchi la tatu kutoka mwisho, lenye mguu mfupi, na kipande cha mbao cha kuuegemeza. Akanionyesha anapokaa mama mmoja mjane ambaye goti lake halikunji, kwa hiyo kiti cha mbele yake kisogezwe shubiri moja, na isionekane kwamba kimesogezwa kwa ajili yake.

Kisha tukafika kwenye viti vya plastiki. Kimoja kilikuwa na ufa. Nikakichukua nikakipeleka safu ya nyuma kabisa, kwa sababu huko ndiko kila mtu angekipeleka. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana. Kibovu kisikae nyuma. Nyuma anakaa nani?"

Nikasema wanaochelewa.

"Anakaa mgeni. Anakaa mwenye aibu. Aliyeacha kuja miaka miwili, leo amepata moyo, anaingia kimya, anakaa kiti cha kwanza anachokiona. Kikivunjika chini yake, harudi tena. Kibovu kilete huku mbele, nikalie mimi. Mimi najua pa kuegemea."

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu kondoo mmoja aliyepotea. Sijasikia mengi yaliyonifundisha kama kile kiti. Mhubiri huzungumza juu ya aliyepotea, na hilo ni jema. Lakini mzee yule alikuwa amemfikiria aliyepotea mpaka akajua atakalia wapi.

Baada ya hapo nikaanza kuisoma Biblia kwa jicho la mtu wa mlangoni, na nikashangaa wenzangu ni wengi kiasi gani. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, ambacho wengi tunakiruka kwa sababu ya orodha zake za majina, sura ya 9 inahesabu mabawabu 212. Wanatajwa pamoja na koo zao na zamu zao. Walilala kuizunguka nyumba ya Mungu, na kuifungua kila asubuhi ilikuwa kazi yao. Katika sura ya 26 wanapigiwa kura nani alinde lango lipi, wadogo kwa wakubwa sawasawa. Mwandishi aliona inafaa kuhifadhi hata hayo. Na ile Zaburi ya 84 ambayo huimbwa kwa hisia, inayosema ni afadhali kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu, kichwa chake kinaitaja kuwa ya wana wa Kora. Rudi tena Mambo ya Nyakati, utakuta Wakora ndio waliokuwa walinzi wa malango. Kwa hiyo wenye zaburi yao walikuwa watu wa ukoo unaojua uzito wa funguo.

Kanisa la kwanza halikuliacha jambo hili. Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika barua akihesabu watumishi wa kanisa lake: mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti, yaani wasaidizi wa ibada, 42, kisha wapunga pepo, wasomaji na mabawabu kwa pamoja 52. Halafu wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa na kanisa hilo. Mimi huiangalia hesabu hiyo kutoka chini kwenda juu. Ukiwa na wahitaji 1,500 wanaobisha hodi, utaelewa kwa nini bawabu alihesabiwa. Yeye ndiye uso wa kwanza wanaouona, na akiwa na uso mbaya, huruma yote iliyopangwa ndani haina faida. Katika kanisa la Magharibi, ubawabu ulidumu kuwa daraja dogo la utumishi hadi Papa Paulo VI alipoufuta mwaka 1972.

Yupo pia Alfonso Rodríguez, Mhispania wa karne ya 16. Alikuwa mfanyabiashara wa sufu, biashara ikaanguka, mke na watoto wakafariki. Akaingia shirika la watawa wa Kikatoliki liitwalo Wayesuiti, kama bruda wa kawaida asiye padri, akawekwa mlangoni mwa chuo chao huko Palma, kisiwani Mallorca, na hapo akakaa zaidi ya miaka 40. Inasimuliwa kwamba kila kengele ilipolia alijibu, "Nakuja, Bwana," kana kwamba Kristo mwenyewe ndiye anayebisha. Mwanafunzi mmoja aliyezoea kuzungumza naye pale, Petro Claver, ndiye aliyetiwa moyo naye kuvuka bahari, akaenda Cartagena, katika Kolombia ya leo, kuwahudumia Waafrika walioshushwa melini kama watumwa. Wote wawili walitangazwa watakatifu siku moja, mwaka 1888. Claver alikwenda mbali. Alfonso alibaki anafungua mlango. Nikiwa na hasira na kazi yangu nilikuwa namfikiria huyo, na hasira ilipungua, ingawa si kila mara. "Nakuja, Bwana" ni rahisi kuisema kengele ikilia mara moja. Ikilia mara ya thelathini, na ni mtoto yuleyule anarudi kuchukua sweta aliyosahau, ni habari nyingine.

Sasa nifike kwenye sehemu nisiyopenda kuisimulia.

Kazi ndogo ina hatari yake, na hakuna aliyenionya, hata mzee. Nilikuwa nimeonywa kuhusu kiburi cha madhabahuni, cha kipaza sauti, cha mtu anayependa kuitwa mtumishi. Sikujua kwamba kiburi kinaweza kukaa kwenye ufagio pia. Mwaka wa tatu au wa nne, ufunguo ule ulikuwa umenibadilisha. Vijana wa kwaya wakitaka kufanya mazoezi siku isiyo yao, walikuja kwangu, nami nilijifanya nafikiri. Nilikuwa na la kusema juu ya kila aliyesogeza benchi. Mtu akichukua ufagio kunisaidia, nilimnyang'anya kwa tabasamu: "Acha tu dada, nimezoea." Dada mmoja, binti wa miaka kama ishirini, aliniomba mara tatu nimfundishe kufungua mlango ili siku nikiwa mgonjwa awepo mtu. Mara tatu nikamwambia mlango ule ni mgumu, una mambo yake. Na ni kweli ulikuwa nayo. Lakini sikumwambia kwamba nisipokuwa mimi peke yangu ninayeyajua, sikujua ningekuwa nani pale kanisani.

Petro alifanya jambo linalofanana na hilo katika Yohana 13. Bwana amejifunga kitambaa kiunoni, ameinama na beseni, Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Inasikika kama unyenyekevu, hata sauti yake ni ya unyenyekevu. Ila jibu alilopewa lilikuwa kali: asipotawadhwa, hana shirika naye. Mtu anayehudumia wote na hakubali kuhudumiwa na yeyote amejiweka juu ya wote, hata kama muda wote yuko chini anapiga deki.

Ikafika sikukuu ya kumbukumbu ya kanisa letu. Ilisomwa orodha ndefu ya shukrani. Kwaya zote, kamati zote, aliyetoa gari, aliyepamba, aliyepiga kinanda, hata fundi aliyekuja siku moja kutazama spika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikiliza kila jina, na kila jina lililopita nilihesabu kwamba linalofuata ni langu. Orodha ikaisha. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi, na mikono yangu ilikuwa mizito kama mawe.

Nisingekuwa na neno kama ningenuna tu, nikalia, nikasamehe. Jumapili iliyofuata niliamka saa ileile ya siku zote, nikavaa, nikakaa kitandani na ufunguo mfukoni. Nikakaa makusudi. Nilitaka wajue. Nikasikia mvua inaanza, na nikakaa tena robo saa.

Nilipofika, watu kama arobaini walikuwa wamejibana chini ya upenuo mwembamba wa paa, wengine nje kabisa na Biblia chini ya makoti. Yule mama mjane mwenye goti bovu alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, maji yanamtiririka begani. Mtoto alikuwa analia. Nikatarajia maneno, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno: ningesema, "Mbona hamkujua kwamba nipo?" Hakuna aliyenipa nafasi. Mtu mmoja akasema, "Ah, afadhali, tulidhani umepatwa na jambo. Tulikuwa tunapanga nani aje kukutazama." Na mama yule akaniuliza, "Uzima, mwanangu?"

Nikaunyanyua mlango. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikakosea mara mbili.

Mzee alikuwepo, amelowa, na fimbo yake. Yeye alijua. Siwezi kueleza nilijuaje kwamba anajua. Hakunitazama hata mara moja. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la nyuma, akatoa vitambaa, akaanza kupangusa viti, kimoja kimoja, kwa ajili ya watu waliolowa. Miguu yake haikuwa ya kazi hiyo. Nikakimbia nikamwambia, "Mzee, acha, nitafanya mimi." Akaendelea. Nikarudia. Ndipo akanipa kitambaa kimoja, akabaki na kingine. Tukapangusa wote, yeye safu ya kushoto, mimi ya kulia. Hakusema neno mpaka tulipofika mbele, kwenye kile kiti chenye ufa. Akakalia.

"Hata mimi niliwahi kuwafungia," akasema. "Kabla hujazaliwa."

Hiyo ndiyo karipio pekee niliyopata. Sitasema naikumbuka kila siku, maana nimeisahau mara nyingi.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na nitakuwa mnafiki nikiuacha. Baadhi ya watakaosoma hapa watajifunza somo lisilo lao. Wapo wanaofagia, wanaopika, wanaofua vitambaa vya meza ya Bwana miaka na miaka, na kila wakiuliza jambo dogo, mathalani nauli, au zamu ya kupumzika, wanajibiwa kwa mstari wa Luka 17: "Sisi tu watumwa wasio na faida." Mstari huo upo, na ni mzuri. Lakini angalia nani amepewa kuusema. Watumwa wenyewe ndio wanaousema juu yao wenyewe. Haukuwekwa kinywani mwa wakubwa wausomee wadogo. Mimi nilipokosa shukrani nililipiza kisasi, na hilo ni kosa langu. Ila kusahau kushukuru nalo ni kosa, na wanyenyekevu hawalifuti kwa kukaa kimya.

Soma Matendo sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani wamesahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wananung'unika. Mitume wangeweza kuwaambia wavumilie, wasilete mgawanyiko, Mungu anaona. Hawakusema hivyo. Waliita mkutano, wakachaguliwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Inaonekana kwamba upande uliosahauliwa ndio uliokabidhiwa ugawaji. Na kwa Kiyunani cha Luka, kugawa mezani na kuhubiri Neno kunaitwa kwa neno lilelile, diakonia, ambalo ndilo lililozaa ushemasi wetu. Hakuna mahali panaposema huduma moja ni ya daraja la kwanza na nyingine ya mlango wa nyuma. Sisi ndio tuliopanga ngazi. Halafu kati ya wale saba, Stefano tunamjua kwa kifo chake, Filipo tunamjua kwa safari zake. Watano waliobaki, Matendo haiwataji tena. Walikwenda kugawa. Nadhani waligawa vizuri, kwa sababu manung'uniko nayo hayatajwi tena.

Wiki mbili baada ya mvua ile nilikwenda kwa fundi nikachongesha ufunguo wa pili. Nikampa yule binti, mbele ya mzee, pamoja na kipande cha kile kitambaa kilichokuwa chekundu. Jumamosi nikamfundisha. "Usiusukume," nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayerithisha hazina. "Uunyanyue. Goti hapa. Robo mbele, nusu nyuma."

Akaunyanyua, ukafunguka mara ya kwanza. Iliniuma kidogo, sitadanganya.

Nikamfundisha na mengine: dirisha, benchi, goti la mama, kiti chenye ufa. Kuhusu kiti akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Kwa nini hatukitupi? Nikabaki nimeduwaa. Nikasema mzee hukikalia. Akasema, "Basi tumtafutie kizuri." Mwezi ule tukapanga zamu: yeye Jumapili mbili, mimi mbili. Zamu yake ya kwanza nililala hadi jua likachomoza, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa miaka, nikaamka na moyo unanidunda nikidhani nimewafungia tena.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi, madirisha wazi, mabenchi yamepangwa kwa upinde badala ya mistari iliyonyooka niliyoipigania miaka yote. Nikauma ulimi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kipya, anaonekana kama mgeni. Nikatafuta pa kukaa, nikagundua sijawahi kukaa kwenye ibada nzima tangu nilipopewa ufunguo. Sikuwa na mahali. Nikakaa nyuma. Kiti kilikuwa imara.

Baada ya ibada yule binti akaniambia nifunge, maana ana haraka. Nikaushika mpini, nikaunyanyua mlango kwa nguvu zangu zote kama kawaida, goti tayari. Nusura nianguke. Mlango ulikuwa mwepesi, umekaa sawasawa kwenye fremu yake. Nikaingiza ufunguo, nikauzungusha mara moja, kitasa kikafunga bila kelele.

Nikamwita. "Umeufanya nini huu mlango?"

"Bawaba ya juu ilikuwa imelegea," akasema, akiwa ameshafika getini. "Nimekuja na bisibisi, nikakaza skrubu mbili. Tone la mafuta kidogo kwenye kitasa. Kwani kulikuwa na shida?"

Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa amesikia. Alisimama pale na fimbo yake, akautazama mlango, akanitazama mimi, mabawabu wawili ambao hakuna aliyewahi kuinua macho akaitazama bawaba. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi nimshike mkono asije akaanguka.

"Skrubu," akasema, akijifuta machozi. "Mbili."